Upepo wa Kibla: Safari ya Studio Ghibli

Jina Ghibli Wajapani hulitamka "Jiburi", na kwa kweli wamekosea. Neno lenyewe ni "gibli", Kiarabu cha Libya, jina la upepo wa moto unaovuma kutoka jangwani upande wa kusini. Waitaliano walilichukua wakati wakiitawala Libya, kiwanda cha Caproni kikaibatiza kwa jina hilo ndege yake moja ya kijeshi, na mtoto mmoja wa Tokyo aliyependa ndege kupita kiasi akaja kulihifadhi kichwani. Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya kulitazama mara mbili. Mzizi wake ndio huohuo uliotupa "kibla".

Mwaka 1985 mtoto huyo, Hayao Miyazaki, alikuwa mtu mzima wa miaka 44, na jina hilo akalibandika kwenye kampuni ndogo ya katuni ambayo hakuna aliyetarajia idumu. Mpango ulikuwa rahisi: watatengeneza filamu moja, ikifanikiwa watatengeneza nyingine, ikishindikana watafunga mlango. Kampuni iliyoanzishwa kwa masharti ya kibanda cha msimu imefikisha miaka 40. Imedumu kwa fedha za filamu iliyotangulia na kwa mikono ya watu wachache, na mikono haigawanywi kama hisa.

Toei: kiwanda na chama chake, 1959–1971

Kampuni ya Toei ilipoanza kutengeneza katuni katika miaka ya 1950, ilitaka kuwa Disney ya Mashariki. Filamu yake ndefu ya kwanza ya rangi, hadithi ya kale ya Kichina kuhusu nyoka mweupe, ilitoka 1958. Miyazaki, wakati huo mwanafunzi wa sekondari, aliitazama na kumpenda binti wa kuchorwa aliyekuwa ndani yake. Baadaye aliona haya kidogo kukiri hivyo, lakini alikiri.

Isao Takahata aliingia Toei mwaka 1959 akitoka Chuo Kikuu cha Tokyo, alikosomea fasihi ya Kifaransa. Hakuwa mchoraji. Jambo hilo lilikuja kuamua mengi, maana mtu asiyechora akitaka kuongoza filamu ya michoro hana budi kutegemea mikono ya wenzake. Miyazaki alimfuata mwaka 1963, na yeye mikono alikuwa nayo.

Vita viliwagusa wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Baba wa Miyazaki aliongoza kampuni ya familia iliyotengeneza vipuri vya ndege za kivita za Zero, kwa hiyo vita vilivyounguza miji ya Japani viliilisha nyumba yao, na mwanawe hakuacha kusumbuliwa na jambo hilo. Takahata, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa chini ya mabomu: Juni 1945 alikimbia moto wa usiku mjini Okayama. Atakayetaka kujua kwa nini studio ya katuni za watoto imejaa ndege na miji inayoteketea, aanzie hapo.

Urafiki wao ulianzia kwenye chama cha wafanyakazi. Mwaka 1964 Miyazaki alikuwa katibu mkuu wake na Takahata makamu mwenyekiti, na madai yao yalikuwa yale yale ya kiwandani popote: ujira na saa za kazi. Hali ilikuwa imeanza kuwa mbaya. Januari 1963 Osamu Tezuka alileta kwenye televisheni mfululizo wa Astro Boy, akiuuza kila kipindi kwa bei isiyofikia gharama, kwa matumaini kwamba pengo lingezibwa na midoli na mauzo ya haki. Yeye alifanikiwa, na bei yake ikageuka kipimo cha soko zima. Ili kuimudu, watengenezaji walipunguza michoro: mdomo unafunguka na kufunga, mwili umeganda, mandhari ileile inapita mara tatu. Wachoraji walilipwa kwa idadi ya karatasi. Katuni za Japani zikawa nyingi na rahisi, na waliozichora wakabaki maskini.

Filamu ya kwanza ya Takahata kama mwongozaji, kuhusu kijana shujaa aitwaye Horus, ilianza mwaka 1965 na kumalizika 1968, ikiwa imevuka muda na bajeti mara kadhaa. Ilikaa kwenye majumba ya sinema siku zisizofika hata wiki mbili. Leo wanahistoria huihesabu miongoni mwa kazi zilizobadilisha katuni za Japani. Toei iliihesabu hasara, na Takahata hakupewa tena filamu ya kuongoza. Mwaka 1971 marafiki hao waliondoka.

Miaka iliyofuata waliifanyia kazi televisheni ileile iliyowaharibia fani. Kwa mfululizo wa Heidi, mwaka 1974, walisafiri kwanza hadi Uswisi kuitazama milima kwa macho yao, kisha wakatoa vipindi 52 kwa mwendo wa kimoja kila wiki, Miyazaki akiandaa mpangilio wa picha wa vyote. Ni kazi iliyomchosha, na aliyoichukia kwa namna ya mtu aliyegundua anaiweza.

Mhariri aliyekataliwa kwenye simu, 1978–1984

Mtu wa tatu hakuwa wa katuni kabisa. Toshio Suzuki alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji ya Tokuma Shoten, na mwaka 1978 alitupiwa jarida jipya la katuni, Animage, ambalo lilitakiwa kuwa tayari kwa haraka. Akitafuta habari za filamu ya Horus, alimpigia Takahata kuomba mahojiano. Takahata alitumia saa nzima kumweleza kwa nini hatakubali, kisha akampa simu Miyazaki, ambaye naye alikubali kwa sharti la kupewa kurasa 16. Suzuki hakuchapisha mahojiano yoyote. Lakini mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba tangu siku ile hakuweza kuwaacha wale watu.

Sifa yake kubwa ilikuwa kujua mlango wa nyuma uko wapi. Alipopeleka wazo la filamu ya Miyazaki kwa wakubwa wa Tokuma, lilikataliwa: hakuna kitabu cha manga kilichotangulia, nani atainunua? Suzuki akaona jibu limo ndani ya swali. Kama tatizo ni kitabu, kitaandikwa kitabu. Mapema mwaka 1982 Animage ilianza kuchapisha Nausicaä, hadithi ya binti mfalme katika dunia iliyofunikwa na msitu wa sumu, na wasomaji walipokwisha kuipenda, mlango ukafunguka. Kampuni ya matangazo ya Hakuhodo, alikofanya kazi mdogo wake Miyazaki, nayo ikaingia.

Sharti la Miyazaki lilikuwa moja: mtayarishaji awe Takahata. Takahata alijaza daftari zima kwa sababu za kwa nini mtu mmoja hafai kazi hiyo, mtu huyo akiwa yeye mwenyewe. Miyazaki, ambaye si mnywaji, alimchukua Suzuki wakanywe, na akalia kwamba kwa miaka 15 alikuwa amemtolea Takahata ujana wake na hakupata chochote mkononi. Suzuki alikwenda kumpigia kelele Takahata. Takahata akakubali, na akawa mtayarishaji mkali wa kuhesabu kila yen, kinyume kabisa na alivyokuwa akiongoza filamu zake.

Nausicaä ilitoka Machi 1984, ikiwa imechorwa katika studio iliyoitwa Topcraft, na watazamaji wapatao 915,000 wakainunulia tiketi. Huko Marekani iliuzwa kwa msambazaji aliyeikata zaidi ya dakika 20, akaipa jina jingine, akaigeuza filamu ya vita vya watoto. Fedheha hiyo haikusahauliwa, na tutaiona ikirudi ikiwa na upanga.

Filamu moja kwa wakati mmoja, 1985–1989

Hadithi ya jinsi Ghibli ilivyozaliwa ina kichekesho chake. Miyazaki aliyatoa mapato yake ya Nausicaä ili Takahata atengeneze filamu kuhusu Yanagawa, mji wa mifereji katika kisiwa cha Kyushu. Takahata alipofika huko aliipenda mifereji yenyewe, akaacha katuni, akaanza kupiga filamu halisi kuhusu wakazi walivyoisafisha na kuiokoa. Miaka ikapita, fedha zikaisha, filamu haijaisha. Miyazaki alimwendea Suzuki: nyumba yangu itauzwa, nifanyeje? Suzuki akamjibu kwamba dawa ni kutengeneza filamu nyingine. Ndipo ikapatikana Laputa, hadithi ya ngome inayoelea angani.

Topcraft ilikuwa imevunjika, na hakuna studio nyingine iliyotaka kupokea wateja hawa wasumbufu. Juni 1985, kwa mtaji wa Tokuma Shoten na msukumo wa mwenye kampuni, Yasuyoshi Tokuma, Studio Ghibli ilianzishwa kwenye ghorofa ya kupanga huko Kichijoji, Tokyo. Wachoraji walikodishwa kwa ajili ya filamu, na filamu ilipokwisha wakatawanyika, kama mafundi wa nyumba baada ya paa kuezekwa.

Laputa, ya Agosti 1986, ilipata watazamaji wachache kuliko Nausicaä. Kisha Miyazaki akaja na wazo ambalo hakuna mfanyabiashara angelinunua: wasichana wawili wadogo wanahamia shamba, mama yao yuko hospitalini, na msituni kuna dubwana la manyoya lisilosema neno, Totoro. Tokuma hawakutaka. Suzuki akarudi na pendekezo kubwa zaidi, ambalo kwa hesabu za kawaida lilipaswa kukataliwa mara mbili: Takahata aongoze filamu ya pili, Grave of the Fireflies, kuhusu kaka na dada wanaokufa njaa baada ya mabomu ya 1945, na zote zioneshwe kwa tiketi moja. Ya pili ilitokana na riwaya fupi iliyomilikiwa na wachapishaji wa Shinchosha. Shinchosha wakakubali kugharimia yao, na heshima ikawalazimu Tokuma kugharimia ya Totoro.

Studio ilikuwa moja, filamu mbili, na mchoraji bingwa aliyegombewa na waongozaji wote wawili alikuwa Yoshifumi Kondo. Suzuki alimpa Takahata, kwa hoja isiyojibika: Miyazaki anaweza kuchora mwenyewe, Takahata hawezi.

Tiketi ile ya Aprili 1988 huenda ndiyo katili kuliko zote zilizowahi kuuzwa kwa familia. Waliotazama Totoro kwanza walitoka wakilia; waliomalizia na Totoro walikuwa na nafuu. Watazamaji hawakufika milioni. Faida ilikuja kwa njia ya televisheni, Totoro ilipooneshwa na Nippon Television mwaka uliofuata, na kisha kwa mdoli. Karibu miaka miwili baada ya filamu kutoka, mtengenezaji mmoja aliomba ruhusa ya kushona Totoro wa manyoya. Hakuna aliyekuwa amelipanga. Mdoli huo uliziba hasara na ukaendelea kuleta fedha, na dubwana likawa nembo ya studio. Ghibli ikajiwekea desturi: filamu kwanza, bidhaa baadaye, na bidhaa isiamue filamu iweje. Kwa Tezuka, midoli ilikuwa imeshahesabiwa ndani ya bei tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1989 ikaja filamu ya Kiki, mchawi mdogo anayepeleka vifurushi kwa ufagio akiwa na paka mweusi. Kampuni ya Yamato, wasafirishaji wa vifurushi wenye nembo ya paka mweusi, wakadhamini. Nippon Television nao wakaweka fedha kwa mara ya kwanza. Tiketi milioni 2.64 ziliuzwa, na hakuna filamu ya Kijapani iliyoishinda mwaka huo. Kwa mara ya kwanza Ghibli ilikuwa na fedha na haikuwa na deni la kuikimbiza.

Mishahara, 1989–1995

Ndipo Miyazaki, katibu mkuu wa zamani wa chama cha wafanyakazi, alipofanya jambo ambalo sekta nzima iliona ni wazimu. Alipendekeza wachoraji waajiriwe moja kwa moja, ujira wao uongezwe mara mbili, na kila mwaka wachukuliwe vijana wa kufundishwa. Aliyatekeleza madai ya 1964 akiwa safari hii upande wa mwajiri.

Hesabu zake zilibadilisha kila kitu. Katika katuni za kuchorwa kwa mkono, sehemu kubwa kabisa ya gharama ni mishahara. Studio ya kukodi watu ikikosa kazi inalala. Yenye waajiriwa haiwezi kulala. Ilibidi filamu moja ianze kabla nyingine haijaisha, na kila moja ilazimike kufaulu. Only Yesterday ya Takahata, kuhusu mwanamke wa mjini anayekumbuka utoto wake, iliongoza filamu za Kijapani mwaka 1991. Porco Rosso, iliyoanza kama filamu fupi ya kuwaliwaza abiria wa Japan Airlines, iliongoza mwaka 1992. Mwaka huohuo studio ilihamia jengo lake yenyewe huko Koganei, magharibi mwa Tokyo, lililosanifiwa na Miyazaki. Katika ramani yake alivipa vyoo vya wanawake nafasi kubwa kuliko vya wanaume, kwa kuwa wanawake walikuwa wengi kazini na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

Mtayarishaji wa awali, Toru Hara, aliyetoka Topcraft, aliondoka wakati huo. Kasi ile hakuiafiki. Suzuki alihama rasmi kutoka Tokuma kuja kuishika kazi.

Upanga na kifo, 1996–2000

Julai 1996 Tokuma walitia saini na Disney mkataba wa kusambaza filamu za Ghibli nje ya Japani na kuziuza kwa kanda za video. Walikuwepo wengine waliotaka. Disney walikubali sharti ambalo Nausicaä ilikuwa imeifundisha Ghibli kulidai: hakuna kukata hata dakika moja.

Princess Mononoke ilitoka Julai 1997. Iligharimu zaidi ya yen bilioni 2, ikiwa na michoro ipatayo 144,000, na inasemekana Miyazaki aliirekebisha kwa mkono wake karibu 80,000. Mikono ilianza kumuuma. Ilikusanya yen bilioni 19.3 na kuvunja rekodi ya nchi iliyoshikwa na E.T. tangu miaka ya 1980, hadi Titanic ilipowasili na kuipita. Marekani iliangukia Miramax, tawi la Disney chini ya Harvey Weinstein, mtu aliyejulikana kwa kukata filamu za wenzake. Suzuki alimpelekea upanga wa kisamurai ukiwa na ujumbe mfupi: hakuna kukata. Haikukatwa. Ila ilipewa majumba machache ya sinema, na mapato ya Marekani hayakufika dola milioni 3. Ukweli ni kwamba upanga huweza kuilinda filamu isikatwe, lakini hauwezi kumlazimisha mtu aiuze.

Nyumbani kulikuwa na jambo zito zaidi. Kondo, yule mchoraji aliyegombewa, alikuwa ameongoza Whisper of the Heart mwaka 1995, na kila mtu aliona mrithi amepatikana. Miyazaki alianza kuzungumzia kupumzika. Januari 1998 Kondo alifariki kwa kupasuka mshipa mkuu wa moyo, akiwa na miaka 47. Ghibli haikumpata mwingine. Ninavyoona mimi, yote yaliyofuata, pamoja na ushindi wake mkubwa kuliko wote, yalitokea ndani ya studio iliyokwisha kupoteza kesho yake.

Mwaka 1999 Takahata alitoa katuni ya familia ya Yamada, ya kwanza ya studio kutengenezwa yote kwa kompyuta, ingawa ukiitazama utadhani ni rangi ya maji kwenye karatasi. Iliwashinda wauzaji. Mwaka uliofuata Yasuyoshi Tokuma akafariki, akiiacha kampuni yake na madeni mengi na Ghibli ikiwa ndani yake kama idara.

Miaka ya neema, 2001–2008

Spirited Away ilitoka Julai 2001: binti wa miaka kumi anaingia kwenye mji wa mizimu, anapokonywa jina lake na kupewa kazi ya kusugua sakafu kwenye bafu la miungu. Tiketi zaidi ya milioni 23 ziliuzwa katika nchi ya watu milioni 127. Yen bilioni 30.4 za awali ziliifanya kuwa filamu iliyokusanya fedha nyingi kuliko zote katika historia ya Japani, rekodi iliyokaa hadi mwishoni mwa 2020. Ilichukua Dubu wa Dhahabu huko Berlin na, Machi 2003, Oscar. Miyazaki hakwenda kuipokea. Baadaye alieleza kwamba hakutaka kukanyaga nchi inayoipiga Iraki mabomu.

Miezi michache baada ya filamu, Oktoba 2001, lilifunguliwa jumba la makumbusho la Ghibli huko Mitaka. Huwezi kufika na kununua tiketi mlangoni. Unaweka nafasi mapema. Ndani hupigi picha. Kuna filamu fupi ambazo huzioni kwenye majumba ya kawaida ya sinema. Mshauri yeyote wa biashara angeviita vizuizi, lakini foleni haijaisha tangu siku ile.

Nguzo nyingine ilikuwa televisheni. Nippon Television huzionesha filamu hizi tena na tena usiku wa Ijumaa, na badala ya kuchosha zimegeuka ada ya taifa. Agosti 2013, Laputa ilipofika pale mashujaa wanapotamka neno la kuiangusha ngome, Wajapani walilitamka pamoja nao kwenye Twitter: ujumbe 143,199 kwa sekunde moja, rekodi ya dunia ya mtandao huo wakati ule. Ni filamu ileile iliyokosa watazamaji mwaka 1986.

Howl's Moving Castle iliingiza yen bilioni 19.6 kuanzia Novemba 2004. Ilikuwa imekabidhiwa kwanza kwa kijana wa nje, Mamoru Hosoda. Hakuweza kufanya kazi yake ndani ya nyumba ile, akaondoka, na Miyazaki akaichukua. Hosoda alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa Japani, kwingineko. Mwaka 2005 Ghibli ilijitenga na Tokuma ikawa kampuni yake yenyewe. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Earthsea, ambayo Suzuki alimpa Goro, mtoto wa kwanza wa Miyazaki, aiongoze, ingawa Goro alikuwa msanifu wa bustani aliyewahi kuendesha jumba la makumbusho. Baba alipinga waziwazi, na kamera zilimnasa akitoka nje katikati ya onesho la kwanza. Filamu ilileta fedha. Lawama zikawa nyingi vilevile.

Binti wa mwanzi, 2013–2014

Mwaka 2013 ulipangwa kuwa marudio ya 1988: filamu ya Miyazaki na ya Takahata, siku moja. Takahata alichelewa, kama kawaida yake. The Wind Rises, kuhusu mhandisi aliyebuni ndege ya Zero, ilitoka Julai na kuingiza yen bilioni 12. Ndani yake anatokea Caproni, Mwitaliano mwenye ndege, akizungumza na mhandisi huyo ndotoni. Septemba, mbele ya waandishi wa habari, Miyazaki alitangaza kustaafu. Alikuwa amewahi kustaafu, lakini safari hii waliamini.

The Tale of the Princess Kaguya ya Takahata ilitoka Novemba, baada ya miaka minane ya kazi. Ni ngano ya kale ya msichana aliyekutwa ndani ya mwanzi, imechorwa kwa mistari ya mkaa na rangi nyepesi kana kwamba mchoraji hajanyanyua mkono. Aliyeiwezesha ni Seiichiro Ujiie, mwenyekiti wa Nippon Television, shabiki wa Takahata aliyetaka kuona filamu yake moja zaidi kabla ya kufa na akafungua mfuko bila kuuliza. Alifariki Machi 2011, haijaisha. Iligharimu yapata yen bilioni 5, na tiketi zilirudisha kama nusu. Kwa hesabu ni balaa. Mimi ningeichukua kuliko nusu ya zile zilizopata faida.

Lakini mishahara hailipwi kwa uzuri. Agosti 2014 Suzuki alitangaza kwamba idara ya utengenezaji inavunjwa. Mpango wa 1989, ajira ya kudumu na mafunzo, ulisimama baada ya miaka 25. Hiromasa Yonebayashi, aliyeongoza filamu ya mwisho ya kipindi hicho, na mtayarishaji wake Yoshiaki Nishimura waliondoka na sehemu ya wachoraji wakaanzisha studio yao, Ponoc. Ghibli ikabaki kampuni ya kutunza haki, makumbusho na midoli.

Bila tangazo, 2016–2024

Mzee hakukaa nyumbani. Alirudi kutengeneza filamu fupi ya makumbusho kuhusu kiwavi, na mwaka 2016 kamera za televisheni ya NHK zilimwonesha akitazama majaribio ya vijana waliofundisha kompyuta kutembeza kiwiliwili cha kutisha. Aliwajibu kwa ukali kwamba kile ni tusi kwa uhai wenyewe. Miaka tisa baadaye, Machi 2025, mamilioni ya watu walizigeuza picha zao kwa programu kuwa "za Ghibli", kwa mfano wa mkono uleule.

Filamu mpya ndefu ilichukua miaka saba. Takahata alifariki Aprili 2018 katikati ya kazi hiyo, na hadithi ikabadilika kwa ajili ya kifo chake. Ili kuilipia, Suzuki alivunja mwiko: filamu zilizokuwa hazijapata kuoneshwa kwenye mtandao ziliuzwa kwa Netflix na HBO Max mwaka 2020, isipokuwa ndani ya Japani kwenyewe. Kwa fedha hizo Ghibli iliigharimia filamu peke yake, bila kamati ya wawekezaji ambayo katika sinema ya Japani ni kama kanuni. Na kwa kuwa hapakuwa na mwekezaji wa kuuliza, hapakuwa na tangazo pia. Hakuna kionjo cha filamu, hakuna majina ya waigizaji, hakuna mahojiano. Bango moja tu lenye ndege aina ya korongo. The Boy and the Heron ilifunguliwa Julai 14, 2023, watu wakaingia gizani bila kujua wanakwenda kutazama nini.

Septemba mwaka huo ilifungua tamasha la filamu la Toronto, na ofisa wa studio akawaambia waandishi kwamba Miyazaki bado anakuja ofisini na anafikiria filamu nyingine. Wiki mbili baadaye ikatangazwa kwamba Nippon Television inanunua asilimia 42.3 ya kura za hisa, na Ghibli inakuwa kampuni yake tanzu. Miyazaki alikuwa na miaka 82, Suzuki 75. Goro alikuwa ameombwa zaidi ya mara moja kuibeba studio, akakataa: mzigo ni mkubwa kwa mtu mmoja. Basi walitafuta mrithi miaka 25, na aliyepatikana ni kituo cha televisheni, kilekile kilichomleta Totoro sebuleni kwa watu.

Mei 2024 Cannes iliipa Ghibli Palme d'Or ya heshima, ya kwanza kupewa studio badala ya mtu. Kabla ya hapo, Machi, filamu ya korongo ilikuwa imetangazwa mshindi wa Oscar huko Los Angeles, katuni ya pili ya kuchorwa kwa mkono kushinda tangu tuzo hiyo ianzishwe. Ya kwanza ni Spirited Away. Wasomaji wa jina walisubiri kidogo. Kama ilivyokuwa 2003, hakuna mtu wa Koganei aliyepanda jukwaani.